Mlinzi wa futiboli ya Kimarekani katika chuo kidogo: anacheza nini, analipwa nini, anaishia wapi

Jumamosi ya tarehe 21 Mei 2011, uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha ulichorwa mistari ambayo mashabiki wa soka hawakuizoea. Iliukata uwanja kutoka upande mmja hadi mwingine, kila baada ya yadi tano. Waliocheza walikuwa Chuo Kikuu cha Drake kutoka jimbo la Iowa, Marekani, dhidi ya kikosi cha wachezaji waliochaguliwa kutoka vyuo binafsi vya Mexico, kwa jina CONADEIP. Mechi iliitwa Global Kilimanjaro Bowl, jina la mlima wetu, ingawa ilichezwa kiasi cha kilomita 80 kutoka Moshi. Drake walishinda 17 kwa 7 mbele ya watazamaji zaidi ya 11,000. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo timu ya chuo cha Marekani kucheza mechi ya mchezo huo katika bara la Afrika. Baada ya mechi wageni walifanya kazi za kujitolea, kisha wakaenda kuupanda Kilimanjaro.

Ukiwaona vijana wale, wana mabega mapana na kofia ngumu na wamevuka bahari kuja kucheza mechi moja, ni rahisi kudhani kwamba ni wachezaji wa kulipwa. Ukweli ni kinyume kabisa. Timu ya Drake iko katika ligi ya vyuo iitwayo Pioneer, ambayo haitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya kucheza futiboli. Waliokimbia pale Arusha walikuwa wanafunzi wenye ada zao, waliokwenda Drake kusomea famasia, biashara, ualimu na mengineyo, na jioni wakafanya mazoezi.

Makala hii inaeleza maisha ya mchezaji wa namna hiyo, hasa anayecheza ulinzi. Tumeiandika kwa sababu vijana wa Marangu, Kibosho, Machame na Rombo siku hizi wanautazama mchezo huu kwenye simu, na maneno "ufadhili wa michezo Marekani" yamekuwa ya kawaida. Mzazi anayeombwa fedha ili mtoto "aunganishwe na chuo" anatakiwa kwanza ajue chuo cha namna gani, na mchezo huo unalipa nini.

Mchezo wenyewe, na kazi ya mlinzi

Futiboli ya Kimarekani inafanana na raga kuliko soka. Mpira una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na lengo ni kuufikisha mwisho wa uwanja wa mpinzani. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na kidogo, ukiondoa maeneo mawili ya kufungia yaliyo kila upande. Upana wake ni kama mita 49.

Kwa mtu wa mlimani njia rahisi ya kuuelewa ni kufikiria mpaka wa masale kati ya vihamba viwili, ila mpaka huo unahama kila dakika. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu, inapewa manne mengine kuanzia hapo ilipofika. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kuufikisha mpira mwisho, yaani tachidauni, ni pointi 6, na mkwaju wa nyongeza unaofuata ni pointi 1. Kuupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya nguzo ni pointi 3. Kwa hiyo zile pointi 7 za Wamexico pale Arusha ni tachidauni moja na mkwaju wake, basi. Walinzi wa Drake walifanya kazi yao siku ile.

Kila upande una watu 11 uwanjani, lakini wanaoshambulia na wanaozuia si watu wale wale. Mpira ukihamia kwa wapinzani, kikosi chote cha ushambuliaji kinatoka na cha ulinzi kinaingia. Mlinzi anaweza kumaliza miaka minne ya chuo bila kuushika mpira hata mara moja kwenye mechi, na bado akaitwa mchezaji bora.

Walinzi wamegawanyika katika makundi matatu. Mbele kabisa wako wazito, ambao kazi yao ni kusukumana na wazito wenzao na kumfikia mrushaji mkuu wa mpira, yaani kwotabeki, kabla hajautoa. Nyuma yao wako lainibeka, watu wa katikati, wanaotakiwa kuwa na nguvu za kumwangusha mtu mzito na mbio za kumfukuza mtu mwepesi. Mwisho wako walinzi wa nyuma, wepesi zaidi, wanaowafuata wapokeaji wa pasi ndefu. Hawa wa mwisho ndio wanaoonekana vibaya kuliko wote wakikosea, kwa kuwa nyuma yao hakuna mtu mwingine.

Kinachomtofautisha mlinzi na mshambuliaji ni kujua. Mshambuliaji anajua mpira utakwenda wapi kabla haujaanza kuchezwa, kwa sababu wamepanga. Mlinzi hajui. Anasoma miguu ya wapinzani, namna walivyojipanga, uzito walioulaza mbele au nyuma, kisha anaamua ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika darasani mbele ya video ya mechi zilizopita za timu watakayokutana nayo.

Mfano wa kazi hiyo unajulikana sana Marekani. Fainali ya ligi ya kulipwa, NFL, iliyochezwa tarehe 30 Januari 2000, iliisha St. Louis Rams wakiongoza Tennessee Titans 23 kwa 16. Katika mchezo wa mwisho kabisa, Kevin Dyson wa Tennessee aliupokea mpira karibu na mstari, na lainibeka Mike Jones wa Rams akamkamata miguu. Dyson alianguka akinyoosha mkono, mpira ukabaki kama yadi moja kabla ya mstari. Muda ukaisha.

Chuo kidogo ni kipi?

Michezo ya vyuo Marekani inasimamiwa zaidi na chama kiitwacho NCAA, kilichoanza mwaka 1906. Kina madaraja matatu. Kuna pia chama kingine, NAIA, chenye vyuo vidogo zaidi, na vyuo vya miaka miwili vyenye utaratibu wao. Tofauti kati ya madaraja haya ni muhimu kwa mzazi kuliko jina la chuo.

Daraja la kwanza lina tabaka mbili katika futiboli. Tabaka la juu ndilo linaloonekana kwenye televisheni, lenye viwanja vinavyobeba watu 80,000 na zaidi, na siku hizi wachezaji wake wanapata fedha waziwazi. Tabaka la chini lina vyuo vinavyotoa ufadhili na vingine visivyotoa. Drake wako huku chini, na ligi yao ni ya wasiotoa.

Daraja la pili hutoa ufadhili, lakini kidogo kidogo. Kwa miaka mingi kiwango chake cha futiboli kimekuwa sawa na nafasi kamili 36 kwa timu nzima, na timu inaweza kuwa na wachezaji 100 au zaidi. Kocha anazigawa nafasi hizo vipande vipande: huyu nusu ya ada, yule robo, mwingine vitabu tu. Kwa hiyo mtu akisema "amepata ufadhili wa futiboli", swali la kwanza ni kiasi gani.

Daraja la tatu ndilo lenye vyuo vingi kuliko mengine, zaidi ya 400, na zaidi ya 200 kati ya hivyo vina timu ya futiboli. Hakuna ufadhili wa michezo hata senti moja. Ni kanuni ya daraja lenyewe, hata chuo kikitaka hakiruhusiwi. Mchezaji anaweza kupata msaada wa masomo kwa sababu ya alama zake nzuri au kwa sababu ya hali ya nyumbani, sawa na mwanafunzi asiyecheza. Kwa vyuo vingi binafsi, bei inayotangazwa ya mwaka mmoja, pamoja na malazi na chakula, inapita dola 50,000 kabla ya punguzo lolote. Misaada ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi haiwahusu wanafunzi wa kigeni wanaokwenda kwa viza ya masomo. Mwanafunzi huyo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na saa hizo ndizo anazotaka kocha.

Miaka minne ya mlinzi

Mchezaji wa chuo anaruhusiwa kwa kawaida kucheza misimu minne, na katika daraja la kwanza misimu hiyo imekuwa ikihesabiwa ndani ya miaka mitano. Wengi wanatumia mwaka wa kwanza bila kucheza, wakikua na kujifunza, ili mwaka huo usihesabiwe.

Msimu ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mazoezi yanaanza Agosti kwenye joto kali, mechi zinaanza Septemba, na kwa timu nyingi za vyuo vidogo kila kitu kimeisha katikati ya Novemba. Ni kama mechi kumi au kumi na moja kwa mwaka, mara moja kwa wiki. Ukizidisha kwa misimu minne, mlinzi aliyebahatika kuanza kila mechi tangu mwaka wa kwanza atakuwa amecheza mechi zisizofika hamsini maishani mwake chuoni. Mwenye bahati ya kawaida hucheza nusu ya hizo, akianza kama mtu wa akiba na kwenye vikosi vya kupiga na kurudisha mpira, kazi ya kukimbia uwanja mzima kwa kasi na kugongana na mtu anayekuja kwa kasi ile ile.

Miezi mingine yote ni chuma na chakula. Kijana wa kilo 85 anayetakiwa kucheza mbele anaongezewa uzito hadi 110 au zaidi, na baada ya chuo atalazimika kuupunguza mwenyewe, hakuna kocha wa kumsimamia. Hilo halisemwi sana kwenye video za kusisimua zinazosambaa mtandaoni.

Katika daraja la kwanza na la pili, kanuni inaweka kikomo cha saa 20 za mchezo kwa wiki wakati wa msimu. Ongeza safari ya basi ya saa sita au nane kwenda kucheza ugenini na kurudi usiku huo huo, maana chuo kidogo hakipandi ndege, na Jumatatu asubuhi kuna maabara ya kemia. Wanaomaliza wakiwa na alama nzuri huwa wamejifunza kusoma ndani ya basi.

Kisha unafika mwisho. Mechi ya mwisho ikiisha, mchezaji anarudisha kofia na mabega ya plastiki stoo. Katika soka, aliyekosa timu kubwa atarudi kucheza mtaani, Jumapili pale kwenye uwanja wa kijiji, hadi miaka 50. Futiboli ya Kimarekani haina kitu cha namna hiyo, kwa sababu hakuna anayeweza kuicheza bila vifaa, marefa, gari la wagonjwa na watu 22 waliofanya mazoezi. Kwa karibu wote, siku ya mechi ya mwisho ya chuo ndiyo siku ya mwisho ya kuucheza mchezo huo. Wachache wanabaki kama makocha wasaidizi wakisoma shahada ya pili. Wengine wachache wanakwenda Ulaya, Ujerumani na kwingineko, ambako klabu huwapa Wamarekani chumba, chakula na posho kwa msimu mmoja au miwili. Waliobaki wanakwenda kazini na shahada zao.

Ligi ya NFL ina timu 32, kila moja ikiwa na wachezaji 53 kwenye orodha yake ya msimu. Kila mwaka katika uteuzi wa wapya, wenye raundi saba, wanachukuliwa vijana kama 250. Wanaocheza futiboli chini ya NCAA peke yake ni zaidi ya 70,000. Na kati ya hao 250, karibu wote wanatoka vyuo vikubwa. Ipo miaka ambayo daraja zima la tatu halitoi hata mmoja.

London Fletcher, aliyepita kwenye tundu la sindano

Hata hivyo wapo waliopita, na mlinzi wa kutolewa mfano ni London Fletcher. Alizaliwa Cleveland, Ohio. Alianza chuo kingine kwa mpira wa kikapu, kisha akahamia John Carroll, chuo kidogo cha Wajesuiti karibu na nyumbani kwao, daraja la tatu, bila ufadhili wa michezo. Alicheza lainibeka. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 178, kifupi kwa nafasi hiyo.

Mwaka 1998 uteuzi ulifanyika raundi zote saba bila jina lake kutajwa. Rams wa St. Louis wakampa nafasi ya kujaribu, bila ahadi. Alibaki. Msimu uliofuata alikuwa mlinzi wa kuanza katika timu ile ile iliyoshinda fainali kwa yadi moja, tuliyoitaja juu. Baadaye alikwenda Buffalo, kisha Washington, na alipostaafu mwishoni mwa msimu wa 2013 alikuwa amecheza misimu 16 bila kukosa mechi hata moja: mechi 256 mfululizo. Katika mchezo unaovunja watu magoti kila wiki, hiyo ni rekodi ya ajabu kuliko mataji.

Tunamtaja Fletcher kwa tahadhari. Watu wanaouza ndoto hupenda kumtaja pia, bila kutaja wale maelfu waliocheza daraja hilo hilo mwaka huo huo.

Watu wa Afrika Mashariki

Hakuna Mtanzania aliyejipatia jina kubwa katika futiboli ya Kimarekani. Mlinzi wetu aliyefika juu kabisa Marekani alikuwa wa mpira wa kikapu: Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyesoma Chuo Kikuu cha Connecticut, akatajwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yake ya vyuo, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Connecticut si chuo kidogo, na Thabeet ana kimo cha zaidi ya mita mbili, jambo ambalo mazoezi hayaleti.

Kwa futiboli, majina mawili ya jirani yanafaa kujulikana. La kwanza ni Mathias Kiwanuka, mzaliwa wa Indianapolis mwaka 1983, wazazi wake Waganda. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, aliyekamatwa na askari wa Idi Amin mahakamani Kampala Septemba 1972 na kuuawa. Mjukuu alicheza ulinzi wa mbele katika Boston College, chuo kingine cha Wajesuiti lakini cha daraja la juu, na mwaka 2006 New York Giants wakamchukua akiwa wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Timu yake ilitwaa ubingwa mara mbili, Februari 2008 na Februari 2012. Ule wa kwanza aliutazama akiwa nje, kwani alikuwa amevunjika mguu Novemba.

Kiwanuka anakumbukwa pia kwa kosa moja linaloeleza ugumu wa ulinzi kuliko maelezo yetu yote. Novemba 2006, mwaka wake wa kwanza, Giants waliongoza Tennessee 21 kwa 0. Mechi ikabadilika, na katika jaribio la nne alikuwa tayari amemkumbatia kwotabeki Vince Young. Alidhani mpira umeshatoka mikononi, na kumwangusha mrushaji asiye na mpira ni adhabu. Akamwachia. Young alikuwa bado ana mpira, akakimbia nao, na Tennessee wakashinda 24 kwa 21. Kiwanuka alibaki kwenye ligi hadi 2014, kwa hiyo kosa lile halikummaliza.

La pili ni Daniel Adongo, Mkenya wa Nairobi. Yeye hakupita chuo cha futiboli kabisa. Alikuwa mchezaji wa raga aliyecheza Afrika Kusini na New Zealand, na mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsajili moja kwa moja na kumgeuza lainibeka. Desemba ya mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Alicheza mechi chache tu, zaidi kwenye vikosi vya kupiga na kupokea mpira, akaachwa mwaka 2015. Njia yake inaonyesha kwamba kwa Mwafrika mkubwa wa sasa, raga inaweza kuwa mlango wa karibu kuliko chuo kidogo. NFL yenyewe tangu 2017 ina mpango wa kuwafundisha wachezaji kutoka nje ya Marekani, na mwaka 2022 ilifanya kambi yake ya kwanza rasmi ya Afrika nchini Ghana.

Kichwa

Hatuwezi kumaliza bila jambo hili. Mwaka 2002 daktari Mnigeria aliyefanya kazi Pittsburgh, Bennet Omalu, aliupasua na kuuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji maarufu aliyekufa akiwa na miaka 50 baada ya kuchanganyikiwa. Alikuta uharibifu uliosababishwa na kugongwa kichwa mara nyingi, ugonjwa unaofupishwa CTE. Alichapisha matokeo yake mwaka 2005, na ligi ikampinga kwa muda mrefu.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza uchunguzi wa akili za wachezaji waliofariki. Kati ya 111 waliowahi kucheza NFL, 110 walikuwa na ugonjwa huo. Kati ya 53 walioishia chuoni tu, walikuwa nao 48. Idadi hizi zisomwe kwa uangalifu: akili hizo zilitolewa na familia, na familia nyingi zilifanya hivyo kwa sababu ziliona dalili. Haina maana kwamba tisa kati ya kumi wa kila timu wataugua. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba madhara hayawangojei wachezaji wa kulipwa. Mlinzi wa chuo kidogo, asiyelipwa, anagongwa kwa kichwa kile kile. Na si lazima apoteze fahamu. Wanasayansi wanaona mgongano mdogo unaorudiwa kila siku mazoezini ndio unaokusanyika.

Kijana anayecheza mchezo wowote wa kugongana, hata raga hapa Moshi, akipata kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau kilichotokea baada ya kugongwa, atolewe uwanjani siku hiyo na asirudi mpaka aonwe na mtaalamu wa afya.

Ukiambiwa mtoto wako amepata nafasi

Uliza jina la chuo na daraja lake. Jibu likiwa daraja la tatu au ligi ya Pioneer, na huyo mtu anasema ni "ufadhili wa futiboli", basi anasema kitu ambacho kanuni haziruhusu. Huenda hajui, huenda anajua. Kama ni daraja la pili au NAIA, omba barua ya chuo yenye kiasi kinachotolewa kwa mwaka, na kiasi kinachobaki. Robo ya ada ya dola 40,000 inamwachia mzazi dola 30,000, kila mwaka kwa miaka minne. Hakuna kihamba cha kahawa na ndizi kinachozaa hivyo, na anayeuza kipande cha kihamba ili kulipa mwaka wa kwanza ajiulize wa pili atauza nini.

Kocha wa chuo halipwi na mzazi ili amchukue mchezaji. Akimtaka, anaandika kwa barua pepe ya chuo, anaomba video na matokeo ya shule, na anazungumza naye kwa simu. Chuo chenyewe ndicho kinachotoa fomu ya I-20, na hakiitoi kabla ya kuona ushahidi kwamba fedha za mwaka zipo. Hiyo ndiyo fomu inayotakiwa kwa viza ya mwanafunzi. Wakala hawezi kuitengeneza. Ikiwa amekuja nayo mkononi wakati hujawahi kuonyesha taarifa yoyote ya benki, piga simu chuoni moja kwa moja, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao.

Ushauri wa bure kuhusu kusoma Marekani unatolewa na ofisi ya EducationUSA kupitia Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na maswali yanapokelewa hata kwa mtandao. Waulize pia masharti ya viza yaliyopo kwa Watanzania kwa wakati huo, kwa sababu hubadilika, na mwaka mmoja hauko kama mwingine. Kwa viwango vya mwaka 2024, ada ya kuandikishwa kwenye mfumo wa wanafunzi wa kigeni ilikuwa dola 350 na ya maombi ya viza dola 185. Zote mbili hulipwa kwa utaratibu wa serikali ya Marekani, si mkononi mwa mtu, na ada ya viza hairudishwi hata maombi yakikataliwa.